Mtwara ya Gesi: Nani Alilipwa, Nani Alilipa

Julai 1, 2013, wiki chache baada ya moshi wa vurugu za gesi kutulia Mtwara, amri mpya ya kima cha chini cha mshahara ilianza kutumika Tanzania. Mfanyakazi wa kampuni ya kimataifa ya nishati aliwekewa kiwango kisichopungua shilingi 400,000 kwa mwezi. Wa dukani au kiwandani akapangiwa 115,000, wa shambani 100,000. Mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wake akapangiwa 40,000. Wa juu alimzidi wa chini mara kumi, kwa maandishi ya serikali yenyewe, na pale Mtwara wote wanne walinunua nyanya, samaki na mkaa kwenye soko moja.

Tunapozungumzia gesi, mafuta na madini, hesabu zetu huwa za chini ya ardhi. Tanzania ina futi za ujazo trilioni 57.54 za gesi iliyogunduliwa, bei ya dunia ni hii, mrabaha ni asilimia ile. Kisha tunauliza ni wenyeji wangapi wamepata ajira. Swali hilo ni la haki, lakini linawaacha nje watu wengi zaidi: wale ambao hawakuajiriwa na hawataajiriwa, nao wanaendelea kupanga, kula na kusomesha watoto katika mji uleule. Kwa maoni yangu neema ya rasilimali inapaswa kupimwa kwa mtu huyo, yaani mpangaji asiye na kazi mgodini wala kwenye bomba. Ukimtazama yeye, sehemu kubwa ya kile tunachokiita faida inageuka kuwa fedha zinazotoka mfukoni mwake kwenda kwa jirani mwenye nyumba, kwa dalali na kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam.

Mtwara inafaa kuwa mfano kwa sababu mji wenyewe ulizaliwa na neema iliyokatika. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa kituo kimojawapo pamoja na Kongwa na Urambo. Ili karanga zisafirishwe, ikajengwa reli, na Mtwara ikachimbiwa bandari ya kina kirefu. Mradi ulivunjwa mwaka 1951. Bandari ilifunguliwa 1954, miaka mitatu baada ya kazi iliyojengewa kufa, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mzigo. Yaliyobaki ni barabara pana za mji uliopimwa kwa ajili ya watu ambao hawakuja.

Gesi nayo haikuanza jana. Ya Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa 1974, na ya Mnazi Bay, kwa watu wa Msimbati, 1982. Visima vilikaa vimefungwa miaka mingi. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na ya Mnazi Bay ikaanza kuwasha umeme wa kusini miaka michache baadaye, bila kuwashtua wapangaji. Kilichobadilisha mambo ni ugunduzi wa kina kirefu cha bahari kuanzia 2010. BG, Ophir, Statoil na ExxonMobil zikatangaza kisima baada ya kisima, na bandari ile ya karanga ikawa kituo cha kuhudumia meli za uchimbaji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 108,000 katika Manispaa ya Mtwara Mikindani. Mji wa ukubwa huo hauhitaji wageni wengi ili utikisike. Mia chache wenye mishahara ya dola wanatosha.

Kodi za nyumba zilipanda kabla gesi ya kina kirefu haijatoka hata futi moja. Hilo ndilo jambo la kwanza la kulielewa, maana watu wengi hudhani gharama hupanda kwa sababu fedha zimeshaingia. Hupanda kwa sababu zinatarajiwa. Mwenye nyumba Shangani, kando ya fukwe, alisikia redioni kama walivyosikia wengine, akafanya hesabu, akaanza kutaja bei kwa dola. Aliyeshindwa Shangani akateremka Ligula au Rahaleo, na kule akawa na uwezo kuliko waliokuwapo. Wale nao wakateremka Chuno na Chikongola. Msukumo ukashuka mtaa kwa mtaa mpaka ukafika kwa mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kumwona mhandisi wa gesi.

Chukua mwalimu wa shule ya msingi aliyepanga chumba na sebule Chikongola. Mshahara wake unatoka Hazina kwa ngazi ileile anayolipwa mwenzake wa Singida au Kibondo, na hauna habari na bei ya pango ya Mtwara. Mkataba unapoisha, mwenye nyumba anamtajia kiwango kipya na anataka miezi sita kwa mkupuo, pengine mwaka mzima. Hawana ugomvi. Wanasalimiana kila asubuhi na watoto wao wanacheza pamoja. Ila dalali amekwisha kuja mara mbili na mpangaji mwingine, na mwenye nyumba naye ana mtoto wa sekondari. Mwalimu anahamia pembezoni, kuelekea Naliendele. Sasa analipa nauli ya kwenda na kurudi, anachelewa vipindi, na binti aliyekuwa anamsaidia kulea anaondoka kwa kuwa kuna nyumba ya wageni mjini inayolipa zaidi. Kwenye takwimu za taifa mwalimu huyu hakupata hasara yoyote. Mfumuko wa bei wa Tanzania, uliofika asilimia 19.8 Desemba 2011, ulikuwa umeshuka hadi 5.6 kufikia Desemba 2013. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hukusanya bei kutoka miji mingi kisha hutoa wastani mmoja wa nchi nzima. Maumivu ya mji mmoja mdogo humezwa humo.

Wanauchumi wana jina la hali hii, ugonjwa wa Kiholanzi, kutokana na yaliyoikuta Uholanzi baada ya gesi kugunduliwa Groningen mwaka 1959. Fedha za gesi ziliipandisha thamani sarafu yao, na viwanda vyao vingine vikapata shida kuuza nje. Mwaka 1982 Max Corden na Peter Neary waliijengea nadharia, nayo kwa lugha ya sokoni inasema hivi. Kuna vitu vinavyoweza kuletwa kutoka mbali: mchele, sukari, saruji, nguo. Na kuna visivyosafirika: chumba cha kupanga, kiwanja, kunyolewa nywele, mkono wa fundi, ulezi wa mtoto. Fedha zikimiminika mahali, vile vya kwanza havipandi sana bei kwa kuwa lori litaongeza safari. Vile vya pili hupaa, maana hakuna lori linaloleta nyumba.

Kusini kulikuwa na balaa la ziada. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa 2003, lakini kipande cha barabara cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60 hivi, kiliendelea kuwa tope kwa miaka mingi. Masika yakipamba moto, mabasi na malori yalilala njiani, na hata bidhaa za kusafirika zikawa kama zisizosafirika. Kwa hiyo vitunguu na viazi navyo vikapata bei ya kisiwa.

Mtu anaweza kuuliza: kama bei ya kinyozi inapanda, si kinyozi amenufaika? Amenufaika kwa miezi michache. Kisha mwenye fremu anaongeza kodi ya fremu, mwenye chumba anaongeza kodi ya chumba, na mama lishe anaongeza bei ya sahani ya wali na maharage kwa kuwa naye amepandishiwa. Ukifuata nyongeza ya kinyozi kwa mwaka mzima utaikuta imeishia kwa mwenye ardhi. Ndivyo ilivyo karibu kila mji wa neema. Kipato cha kazi kinapanda na kushuka, lakini ziada yake huvutwa kuelekea kwenye kile ambacho hakiwezi kuongezwa upesi, nacho ni ardhi iliyopimwa yenye maji na umeme. Mwenye nyumba mbili Ligula alipata neema ya kweli. Mjane mwenye kibanda kimoja anachoishi mwenyewe hakupata kitu, labda ushawishi wa kukiuza.

Na wengi waliuza. Madalali walipita Msimbati, Msanga Mkuu na pwani yote ya karibu wakinunua mashamba ya minazi kwa bei ambayo kwa muuzaji ilionekana kubwa, kwa kuwa alikuwa anailinganisha na bei ya mwaka uliopita. Mnunuzi alikuwa anailinganisha na bei ya miaka kumi ijayo. Kati ya watu wawili wenye taarifa tofauti hivyo hakuna mauzo ya haki, hata kama mwenyekiti wa kijiji ameshuhudia na muhuri umegongwa.

Tuje kwenye ajira, ahadi iliyosemwa sana majukwaani. Gesi ya kina kirefu huchimbwa na meli yenye mafundi wachache wa kazi maalumu, wanaoletwa na helikopta, wanakaa baharini wiki kadhaa, kisha wanarudi makwao. Ili ukanyage meli hiyo unahitaji cheti cha kujiokoa baharini, Kiingereza cha kazini na uzoefu ambao kijana wa Mikindani hana pa kuupata. Kazi alizozifikia mwenyeji zilikuwa za nchi kavu: ulinzi, udereva, upishi, usafi, kubeba mizigo bandarini, na kuchimba mtaro wa bomba la kwenda Dar es Salaam. Bomba hilo lenye zaidi ya kilometa 500 lilijengwa na Wachina kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, kwa takriban miaka mitatu, likazinduliwa Oktoba 2015. Likishafukiwa, bomba halihitaji tena mchimba mtaro. Mtambo wa kusafisha gesi pale Madimba unaendeshwa na mafundi wachache wanaokaa mbele ya skrini.

Mafunzo ya fundi mzuri wa kuchomelea mabomba huchukua miaka miwili au mitatu. VETA Mtwara iliungwa mkono na kampuni za gesi kufundisha vijana kwa viwango vya kimataifa, na ni kazi ya kusifiwa. Lakini ukiweka miaka mitatu ya mafunzo kando ya miaka mitatu ya ujenzi, ukaanza yote siku moja, kijana atavaa joho la mahafali siku ambayo mkandarasi anapakia mitambo yake melini. Wenyeji wakiambiwa hawana ujuzi, wanaambiwa ukweli. Hawaambiwi kwamba ujuzi ulipaswa kuanza kufundishwa kabla leseni ya kwanza haijatolewa.

Hata aliyeajiriwa mara nyingi hakuajiriwa na kampuni iliyoandikwa kwenye lango. Alikuwa chini ya wakala, kwa mkataba wa miezi mitatu unaohuishwa au kutohuishwa. Mfumo huo umeenea kote penye madini. Kolwezi, kusini mwa Congo, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mtaa na kobalti ndiyo chanzo cha kila senti, uchunguzi uliotolewa 2021 na shirika la RAID pamoja na wanasheria wa kituo cha CAJJ ulikuta zaidi ya nusu ya wafanyakazi katika migodi mikubwa mitano wameajiriwa kupitia makandarasi wadogo, kwa mshahara mdogo na ulinzi hafifu kuliko wenzao wa kampuni yenyewe. Wanavaa kofia ya rangi moja, wanashuka shimo moja, lakini jioni mmoja anaweza kulipa pango kwa dola, na Kolwezi pango hutajwa kwa dola, na mwingine hawezi. Na kwa anayedhani mgomo ungewasaidia, wachimbaji wa mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, Tanzania, wanakumbuka Oktoba 2007, pale wafanyakazi zaidi ya elfu moja walipogoma na wengi wao wakapoteza kazi. Ukiwa na kundi kubwa la wasio na ajira nje ya uzio, mwajiri hana haraka ya kukusikiliza.

Upande unaosahaulika kabisa ni wa waajiri wadogo waliokuwapo kabla. Mtwara huishi kwa korosho. Mkorosho unataka palizi, unataka kupulizwa salfa kuanzia mwezi wa sita ili ubwiri unga usiue maua, kisha unataka mikono ya kuokota. Mkulima wa Tandahimba au Newala anategemea vibarua. Bomba na hoteli mpya zikianza kuwalipa vijana zaidi, mkulima naye lazima aongeze ujira au apunguze palizi. Kama angekuwa na saluni angepandisha bei na kumsukumia mteja mzigo. Yeye anauza mnadani, na bei inaamuliwa na mahitaji ya wabanguaji wa India na Vietnam, ambao hawana habari na bei ya chumba cha Chuno. Gharama zake zimepanda, mauzo yake yamebaki palepale. Hivi ndivyo neema ya gesi inavyoweza kumdhoofisha mtu aliye kilometa 100 kutoka kisimani, kwa njia asiyoiona na bila mtu wa kumlaumu.

Walau mkulima wa mboga angefaidika kwa kulisha kambi na meli? Nadharia inasema ndiyo. Kwa vitendo, kampuni ya upishi inataka tani kadhaa za nyanya za saizi moja kila wiki bila kukosa, inataka risiti ya mashine, namba ya mlipakodi, ushahidi wa ubora, na inalipa baada ya siku 30, 60 au hata 90. Kikundi cha akina mama wenye bustani za mabondeni hakiwezi kukopesha siku 60. Wanaoweza ni wafanyabiashara wenye ghala Dar es Salaam na mkopo wa benki. Kwa hiyo nyanya zikapita kwenye lori mbele ya bustani za nyanya. Sheria ya Petroli ya 2015 na kanuni za ushiriki wa Watanzania zilikuja kuweka masharti ya kununua bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Ni hatua ya maana, lakini kwa sheria hizo mtu wa Masaki, Dar es Salaam, na mtu wa Msimbati wote ni Watanzania sawa, na mwenye ofisi karibu na wizara ndiye anayewahi.

Ukiyaweka haya pamoja unaweza kuelewa vurugu zilizotokea bila kuzihalalisha. Desemba 2012 maelfu waliandamana Mtwara kupinga bomba la kwenda Dar es Salaam. Januari 2013 mambo yakachafuka mkoani, na Mei 22, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni na kuonyesha bomba linaendelea, mji ukawaka. Watu walipoteza maisha, nyumba na ofisi zikachomwa, jeshi likaingia mitaani. Huko juu walisema wenyeji wanataka kuhodhi mali ya taifa, na wengine wakasema wanachochewa na wanasiasa. Mimi nasoma hesabu tofauti. Watu walikuwa wameshalipa gharama ya neema: kodi zimepanda, mashamba yameuzwa, chakula kimekuwa ghali. Walichokuwa wanasubiri ni viwanda vilivyoahidiwa, ambavyo vingerudisha gharama hiyo kwa njia ya ajira za kudumu. Bomba kwao lilimaanisha kwamba bili imebaki Mtwara na mlo umepelekwa kwenye mitambo ya umeme ya Kinyerezi, Dar es Salaam. Kaulimbiu ya "gesi haitoki" ilikuwa ya watu waliokwisha kutozwa.

Kisha soko la dunia likageuka. Pipa la mafuta lililokuwa juu ya dola 100 katikati ya 2014 lilishuka chini ya 50 mwanzoni mwa 2015. Kampuni zikakaza mikanda, meli za uchimbaji zikaondoka, na Februari 2016 Shell ikakamilisha kuinunua BG, mradi mkubwa wa kusindika gesi ukarudi mezani kwa mazungumzo ya miaka. Hoteli zilizojengwa kwa mikopo zikabaki na vyumba vitupu. Nyumba za Shangani zikarudi kwenye shilingi. Kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichozinduliwa Oktoba 2015, ndicho kilichoubakizia mji shughuli kubwa ya viwandani, pamoja na bandari.

Hapa ndipo uchambuzi mwingi hukosea kwa kudhani kwamba bei zikishuka basi mambo yamerudi yalivyokuwa. Hayarudi. Kodi ya chumba inaweza kushuka, lakini shamba lililouzwa Msimbati halimrudii aliyeuza. Mkopo wa hoteli unaendelea kudai. Kijana aliyeacha uvuvi na kuuza nyavu hana mtaji wa kununua nyingine. Familia iliyohamishia watoto shule ya pembezoni haihami tena. Neema inapopanda hugawa kwa upendeleo, na inaposhuka huacha mgawanyo huo mpya ukiwa umeganda. Tena tuseme ukweli: mshtuko mkubwa zaidi wa miaka iliyofuata kusini haukutokana na gesi. Mwaka 2018 wanunuzi walipotoa bei ya chini mno, serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwatuma wanajeshi kuisomba, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Maduka ya Mtwara, Masasi na Newala yalinyamaza kuliko yalivyonyamaza meli zilipoondoka. Uchumi wa watu ulikuwa mashambani muda wote.

Mahali pengine mambo yalikwenda tofauti kidogo. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, karibu na Kahama, ulifunguliwa 2009 na kufungwa 2021, lakini Kahama haikufa, kwa kuwa ilikuwa mji wa mpunga na biashara ya njia panda kabla ya mgodi na imeendelea kuwa hivyo. Kwale, Kenya, kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha madini Februari 2014 na ikasimamisha uchimbaji Desemba 2024. Miaka kumi na moja hivi, kisha mamia ya kaya zilizozoea mshahara wa mwisho wa mwezi zikarudi kwenye minazi na korosho. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilitangaziwa mafuta Machi 2012 katika kisima cha Ngamia 1, na Oktoba 2013 wenyeji wakaifungia kampuni kazi wakidai ajira na zabuni. Lokichar ikajaa nyumba za wageni na maduka ya mabati, ikasubiri, na zaidi ya mwongo mmoja baadaye bado inasubiri uzalishaji wa kweli. Inasikitisha, maana kwa mfugaji wa Turkana hata kusubiri kuna bei yake: uzio kwenye malisho, na unga wa duka unaoletwa kwa barabara mbovu.

Kama mshahara hauwafikii wengi na ardhi inawafikia wachache, imebaki njia moja ya kumfikia mpangaji wetu, nayo ni halmashauri. Kwa miaka mingi sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 1982 iliziruhusu halmashauri za Tanzania kutoza ushuru wa huduma wa hadi asilimia 0.3 ya mauzo. Kwa kiwango hicho, katika kila shilingi milioni moja ya gesi iliyouzwa, shilingi 3,000 zilibaki wilayani. Kilwa wameupata ushuru huo kwa Songo Songo baada ya mivutano. Mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017 nayo yanaitaka kampuni ya madini ikubaliane na halmashauri mpango wa huduma kwa jamii kila mwaka, na Geita imejengewa shule na zahanati kwa njia hiyo. Kenya imekwenda mbali zaidi kwenye maandishi: sheria ya madini ya 2016 inatenga asilimia 20 ya mrabaha kwa kaunti na 10 kwa jamii, ingawa fedha za jamii zilichukua miaka kabla ya kuanza kufika vijijini.

Tatizo langu na fedha hizi ni kwamba karibu zote huishia kwenye majengo. Darasa ni jambo jema. Lakini darasa halipunguzi kodi ya mwalimu anayefundisha humo. Ikiwa kinachommaliza mkazi ni pango, usafiri na chakula, basi fedha za kwanza za halmashauri zingekwenda kupima viwanja vingi mapema, kuvifikishia maji, kujenga nyumba za walimu na wauguzi, na kuweka mfuko wa kuvikopesha vikundi vya wakulima ili viweze kusubiri malipo ya siku 60. Viwanja vilivyopimwa kwa wingi kabla wageni hawajafika ndiyo dawa pekee ninayoijua ya kodi kupaa, kwa sababu vinagusa chanzo chenyewe.

Nasema haya kwa haraka kwa kuwa saa ya wengine inakaribia. Mtambo wa kusindika gesi umepangiwa Likong'o, Lindi, kwa gharama inayotajwa kuzidi dola bilioni 40, mara nyingi ya kila kilichowahi kufanyika Mtwara. Zaidi ya hekta 2,000 zilishatwaliwa, na wenye ardhi wakasubiri hadi 2020 ndipo fidia ikaanza kulipwa. Kanuni zetu zinampa anayehamishwa posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya soko ya mwezi mara 36. Ni kanuni nzuri, lakini kodi inayotumika ni ile ya siku ya uthamini. Mtu akithaminiwa mapema na kwenda kutafuta chumba Lindi mjini wakati wa ujenzi, miezi 36 ya karatasi inaweza kuwa 12 ya mtaani. Tanga nako, Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta la kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na Hoima wenyewe wameshaujua mwendo wa madalali tangu mafuta yatangazwe 2006.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linaelekezwa kwa madiwani na wakurugenzi wa Lindi na Tanga, na kwa watendaji wa mitaa ambao ndio wanaowajua wapangaji kwa majina. Andikeni leo kodi ya chumba kimoja, ya chumba na sebule na ya fremu katika kila mtaa. Andikeni ujira wa kibarua kwa siku, bei ya sado ya nyanya, nauli ya bodaboda. Rudieni kila baada ya miezi mitatu na mbandike orodha kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, ili anayehamishwa, anayepanga na anayeshawishiwa kuuza aione. Kazi hiyo inataka daftari na mtu mmoja mwaminifu, na inatakiwa ianze kabla mkataba wa Likong'o haujasainiwa.